Pijo Lisilotaka Kwenda Maragoli

Jumanne, tarehe tisa Juni mwaka 1987, saa moja ya asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakisukumwa kutoka baharini na upepo wa kusi, na wingu lilikuwa limeikalia Junju tangu alfajiri. Gerishom alilivua gari turubai, akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta choki, akabonyeza stata. Injini ilizunguka. Haikuwaka. Alibonyeza tena. Ilizunguka kwa uzito zaidi, kama mtu anayeamshwa kwenda kulima shamba la mwenziwe, kisha ikanyamaza.

"Jana jioni lilinguruma," alisema.

"Lilinguruma," mkewe alikubali.

Idah alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha kamba, leso moja mabegani na nyingine magotini. Banda la gari lilipakana na baraza, hivyo hawakuhitaji kupaza sauti. Tangu alipougua, hapo ndipo alipokuwa akishinda mchana kutwa, akimtazama mumewe akifanya kazi.

"Na usiku hakuna aliyeligusa."

"Nani aliguse usiku, Baba Monicah? Popo?"

Gerishom hakucheka. Alishuka, akafungua boneti, akaitazama injini kama mzazi anavyomtazama mwana aliyerudishwa tena kutoka shuleni.

Lilikuwa Pijo 403 la mwaka 1958, la rangi ya majivu. Aliuziwa na meneja wa shamba la mkonge wakati Mzungu huyo alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Gerishom alikuwa fundi wa matrekta katika shamba hilo, na kwa miaka kadhaa aliliendesha Pijo kwa madaha: kanisani Jumapili, sokoni Mtwapa, mara moja hadi Malindi kwa harusi. Kisha kabureta ikaziba, vipuri vikaadimika, na gari likaingia bandani. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Hewa ya chumvi ilikula kingo za milango. Lingeendelea kulala hapo hadi liwe vumbi, lau si ugonjwa wa Idah.

Mwezi wa Machi, madaktari wa ng'ambo ya kivuko cha Kilifi walimpasua Idah tumbo, wakaona walichokiona, wakamshona. Mmoja wao alimwita Gerishom kando na kumweleza bila kuzungukazunguka. Uvimbe ulikuwa umeshika kila mahali. Mvua za vuli asizitegemee kumkuta mgonjwa.

Gerishom alivuka na kivuko kurudi akiwa na jambo moja tu kichwani: Idah atafika kwao Maragoli, huko bara, akiwa hai. Alikuwa amekwisha kuwaona watu wa bara wakirudishwa kwao. Sanduku hufungwa kwa kamba juu ya paa la basi, pamoja na magodoro na mitungi ya maji, na likifika Kisumu hakuna ajuaye marehemu amelalia ubavu gani. Idah hatarudi hivyo. Ataketi kiti cha mbele, dirisha limeshushwa, aingie bomani akiwapungia watu mkono. Atakaa siku zake za mwisho katika nyumba aliyojengewa huko, na saa yake ikifika atazikwa karibu na mama mkwe wake, kama inavyompasa mke wa mtu. Kaka mkubwa wa Gerishom alikuwa amekwisha kutuma salamu kwa abiria wa basi: migomba imeng'olewa, mahali pa kaburi pako tayari.

Idah alipoelezwa mpango huo alisema, "Sawa, Baba Monicah." Gerishom aliisikia ile sawa na hakuitazama mara mbili.

Alianza na kabureta. Aliifungua yote juu ya gunia safi, kwenye meza ya barazani, ili mkewe aone. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake tangu shambani: hakuweza kufanya kazi kimya. Kila alichokishika alikitaja na kukieleza, hata kama msikilizaji ni mbuzi. Wafanyakazi wa gereji ya mkonge walikuwa wakimwita Redio.

"Tazama. Petroli ikikaa miaka, hugeuka gundi." Alimwonyesha bakuli la kabureta, lenye utando wa kahawia kama uji uliokaukia sufuriani. "Na hizi ndizo jeti. Tundu lake ni jembamba kuliko la sindano. Likiziba, injini hufa kwa kiu hata tanki likiwa limejaa."

"Kama mimi," Idah alisema. "Chakula kipo, koo limefungwa."

"Usiseme hivyo."

"Mimi nimeisema jeti."

Aliziloweka jeti katika petroli safi na kuzizibua kwa unywele wa brashi, maana waya hupanua tundu. Boya la shaba alilizamisha katika maji ya moto. Vipovu vidogo vilipanda juu, akajua limetoboka, akaliziba kwa tone la risasi iliyoyeyushwa. Alikata gasketi mpya kutoka kwenye karatasi ngumu. Yote hayo Idah aliyafuata kwa macho, mikono yake mikavu imelala mapajani.

Kabureta ilipokamilika, alihamia kwenye moto. Alibandua vibanio viwili na kuondoa kifuniko cha distribyuta, ule mkebe unaogawa moto kwa plagi, kisha akamwita mkewe asogee. Idah alikuja kwa kushika ukuta.

"Hapa ndipo moto unapozaliwa," Gerishom alimwambia. "Hivi vipande viwili vya chuma huitwa pointi. Vinagusana, vinaachana, vinagusana, vinaachana. Vikiachana, cheche inaruka kwenye plagi."

"Na visipogusana?"

"Hakuna cheche. Na hata vikigusana, pakiwa na uchafu kati yao, kutu, mafuta, hata jasho la kidole, ni kama havijagusana."

"Hata jasho la kidole," Idah alirudia polepole. "Kumbe gari ni kitu dhaifu."

Gerishom alizisugua pointi kwa msasa mwembamba hadi zikang'aa, akapima nafasi kati yake kwa kipande cha pakiti ya sigara, akafunga. Jioni hiyo Pijo liliwaka. Lilikohoa moshi mweusi, likatikisika, kisha likatulia na kunguruma. Kuku walitawanyika. Gerishom alipiga makofi peke yake.

Asubuhi yake halikuwaka. Tangu hapo ikawa mchezo usiokwisha. Jioni linanguruma, asubuhi limekufa. Kila alipoufungua mkebe alikuta pointi zina ubichi, akazifuta, akailaumu bahari. Alibadilisha waya za plagi. Alibadilisha rota. Alilifunika gari kwa turubai, juu ya turubai akatandika nailoni. Bahari haikujali. Na Idah, ambaye mwezi wa Mei alikuwa akimaliza bakuli la uji, sasa alikuwa akiacha nusu.

Ndiyo hali iliyokuwapo Jumanne ile, Musembi alipopiga hodi. Musembi alikuwa Mkamba, mwenzake wa zamani katika gereji ya mkonge, na sasa aliuza vipuri Mtwapa. Alikuwa ametoka Mombasa na kondensa mpya na koili mpya, vipuri vya kuzalisha moto, ndani ya mfuko wa karatasi.

"Hodi wenyewe! Huyu maiti bado hajafufuka?" Kisha akamwona Idah barazani, na ulimi ukamwia mzito. "Samahani, shemeji. Nilisema gari."

"Karibu, shemeji," Idah alijibu. "Gari nalo ni mgonjwa tu. Msituzike mapema."

"Musembi," Gerishom alisema, "kazi yako ni kuuza vipuri au kuuza maneno?"

"Maneno natoa bure, ndugu yangu. Ndiyo maana sitajirika."

Walifunga kondensa. Walifunga koili. Musembi alishika waya wa plagi karibu na chuma, na Gerishom akazungusha injini. Hakuna cheche iliyoruka. Musembi aliufungua mkebe, akainama karibu sana, akavuta pumzi kwa pua.

"Gerishom, gari lako linapika nini?"

"Linapika nini vipi?"

"Nasikia wali wa nazi."

Gerishom alipitisha ncha ya kidole kati ya pointi, akakisugua kwa dole gumba, akakinusa. Yalikuwa mafuta ya nazi, mapya, yaliyopakwa kwa uangalifu pale penye kudhuru na si kwingine.

Barazani, Idah alisema kwamba mgongo unamuuma. Aliingia ndani kujinyoosha.

Gerishom hakumtazama. Fikira zake zilikuwa zimekwisha kuruka ua na kutua kwa jirani. Huko aliishi Kahonzi, mwanamke wa Kigiriama ambaye tangu ugonjwa uingie alikuwa akiwaletea maji na uji. Kahonzi alikuwa na ada yake. Kila magharibi alizunguka na kibati cha mafuta ya nazi na unyoya wa kuku, akipaka kila chuma: jembe, panga, bawaba, kufuli. Bahari haina meno, alikuwa akisema, lakini chuma inakila. Alipomaliza vyuma vyake alivuka na kupaka vya Gerishom, pamoja na spana zake, bila kuombwa.

Gerishom alivuka ua, akamkuta ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo, baba," Kahonzi alisema.

Gerishom hakuitikia. "Nani alikutuma utie mafuta kwenye injini yangu?"

Kahonzi alishusha kifuu. "Injini?"

"Usijifanye. Kila siku natengeneza, kila siku unaharibu. Mimi nina mgonjwa wa kumfikisha kwao!"

"Baba Monicah, punguza sauti, mimi si kiziwi. Napaka majembe. Napaka kufuli lako, napaka spana zako, maana ukiziacha hivyo zitaoza, kisha utasema Wagiriama wamekuroga. Lakini tumbo la hilo gari sijui hata mlango wake uko wapi."

"Mafuta ni yako. Unyoya ni wako."

"Mafuta ni yangu. Mkono si wangu." Alitaka kuendelea, akasita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Monicah aliniomba kichupa. Alisema ngozi inamkauka."

Walitazamana. Kahonzi ndiye aliyeinamisha macho kwanza, akarudia kukuna nazi kwa nguvu, ingawa kifuu kilikuwa kimekwisha.

Gerishom alirudi bandani asimweleze Musembi lolote. Ngozi inakauka, alijiambia. Ni kweli, ngozi ya mgonjwa hukauka. Alizisafisha pointi kwa petroli, akazikausha, akazipitisha msasa, akazipima. Mikono yake ilifanya kazi kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na Musembi alimtazama kwa wasiwasi. Alasiri injini iliwaka kwa mguso wa kwanza wa stata. Ilinguruma sawasawa, bila kukohoa, hata ule uzi alioutundika Musembi chini ya boneti kuijaribu haukutetemeka.

"Kesho alfajiri mwondoke," Musembi alisema. "Msingoje gari libadili nia. Nitakuja kuwaaga."

Saa kumi na mbili ya jioni Musembi alikuwa amekwisha kwenda. Idah alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Gerishom aliacha boneti wazi injini ipoe, kama alivyoacha kila jioni, akachukua taulo na ndoo ya maji, akasema anakwenda kuoga. Alikwenda hadi uani. Aliiweka ndoo chini. Hakuoga. Alisimama nyuma ya kiambaza cha makuti, akachungulia kupitia upenyo, akimwomba Mungu asione chochote.

Idah aliinuka. Alisimama kwanza akipata pumzi, kisha akaufuata ukuta hadi bandani. Alipumzika kwa kuegemea mdigadi, juu ya gurudumu la mbele. Alifungua pindo la leso, akatoa kichupa na unyoya mweupe. Alibandua kibanio kimoja, kisha cha pili, akaondoa kifuniko. Mkono ulimtetemeka hadi ulipofika kwenye pointi. Hapo ukatulia.

"Idah."

Hakushtuka. Alirudisha kifuniko, akabana kibanio kimoja, kisha cha pili.

"Maji yamekuwa baridi?" aliuliza.

"Unafanya nini?"

"Unaona. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Gerishom alihisi hasira ikimpanda, akaifurahia, maana ilikuwa nyepesi kuliko kile kilichokuwa nyuma yake. "Nimejivunja mgongo juu ya gari hili kwa ajili yako! Nimemtukana mwanamke wa watu kwa ajili yako!"

"Kahonzi utamwomba radhi. Na gari si kwa ajili yangu. Hukuniuliza."

"Ulisema sawa."

"Nilisema sawa. Miaka thelathini nasema sawa. Tuhame bara tuje kukata mkonge, sawa. Monicah aondolewe hapa akasomee kwa kaka yako, sawa. Hii moja imenishinda. Na kugombana nawe siwezi tena, Gerishom. Nguvu iliyobaki inatosha unyoya tu."

"Lakini kwa nini? Kule ni kwenu. Nyumba ipo, watu wapo."

Idah alifungua mlango wa gari, akaketi polepole kwenye kizingiti chake. Manyunyu yalikuwa yameanza tena juu ya mabati.

"Baba Kageha," alisema.

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile tangu mwaka 1961. Kageha alikuwa kifungua mimba wao. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne, katika masika yaliyokata barabara zote, na hapakuwa na njia ya kumpeleka Maragoli. Walimzika nyuma ya kanisa la Junju na kuweka jiwe la matumbawe kichwani pake. Juma hilohilo Gerishom aliwaambia watu wamwite Baba Monicah, ingawa Monicah alikuwa bado ananyonya. Hakupita nyuma ya kanisa tena. Jumapili ibada ilipokwisha alisimama na wanaume kwenye kivuli cha ukuta wa mbele akizungumza habari za injini, na hakuwahi kuuliza mkewe amekawia wapi.

"Ukinipeleka kule," Idah alisema, "nitalala na mama yako, ambaye hakunipenda, na mashangazi zako nisiowajua hata kwa majina. Wana watu wao. Yeye hapa hana mtu. Ni mtoto wa miaka minne."

"Watu watasema nini? Mke wa mtu azikwe ugenini, kama asiye na wenyewe?"

"Watasema."

"Kaka yangu ameng'oa migomba."

"Aipande tena."

Gerishom aliegemea mlango mwingine, gari likiwa kati yao.

"Na mimi?" aliuliza hatimaye. "Mimi nitalala wapi?"

"Hilo ni lako. Njia yako sikuitia mafuta."

Aliliona boma la baba yake, ukingo wa mawe, kaburi la mama yake, na ule uwazi uliosafishwa pembeni, mpana wa kutosha watu wawili. Alijua neno ambalo mkewe alikuwa akilingoja. Lilikuwa neno fupi. Nami nitalala hapa. Alilitafuta kwa unyofu, kama alivyotafuta kizuizi katika jeti, na alipolipata hakuweza kulisukuma litoke. Alizaliwa kule. Wanaume wa kwao walilala kule. Idah alimtazama usoni muda wote huo, akaliona neno likija, akaliona likirudi.

"Basi tutalala mbalimbali," Gerishom alisema.

"Tutalala mbalimbali," Idah alisema. "Sawa."

Alinyoosha mkono asaidiwe kuinuka, naye Gerishom akazunguka gari, akamsaidia.

Yaliyofuata ni haya. Asubuhi ya Jumatano Musembi alifika na mkate wa safari na galoni ya petroli. Aliacha mkate, akarudi na petroli. Gerishom aliondoa betri, akafunga boneti, akaenda kumwomba Kahonzi radhi. Kahonzi alipokea radhi bila kusimama, na jioni alileta uji kama kawaida. Kaka mkubwa wa Maragoli alipopata habari alituma salamu fupi kwamba yeye hana shemeji wa kuzikwa pwani. Monicah alikuja kutoka Nairobi mwezi wa Agosti, akamuuguza mama yake hadi mwisho. Idah alikufa mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, akazikwa nyuma ya kanisa upande wa kushoto wa jiwe la matumbawe. Gerishom alitupa udongo kaburini, akashikana mikono na waliokuja, akasimama hapo hadi wote walipoondoka. Mwezi wa Desemba alipanda basi kwenda bara na hakurudi. Kahonzi anapalilia makaburi yote mawili.